Neno la Mjomba Darasani

Mwaka 1987 tulichaguliwa kuingia kidato cha tano, mchepuo wa sanaa, katika shule moja ya bweni wilayani Masasi. Nyumbani kwetu Newala habari hiyo ilipokewa kwa furaha iliyochanganyika na mashaka. Wazee waliuliza: hiyo sanaa atakayofundishwa mtoto huko Masasi ni ipi, ilhali tunayo hapa? Swali lilikuwa la haki. Katika mchepuo ule neno "sanaa" lilikuwa na maana ya Historia, Jiografia na lugha. Patasi haikuwamo, wala ngoma, wala rangi. Wenzetu wa sayansi walitutania kuwa sisi ni makapi yaliyobaki baada ya wao kupepetwa, na baadhi ya wakubwa hawakuficha kuwa waliafikiana nao.

Yafaa msomaji aelewe tulikotoka. Newala iko ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla na macho yakateremka hadi bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Juu ya uwanda ule maji ya kutiririka hayapatikani. Mama zetu walikuwa wakishuka mteremko kuyachota bondeni na kuupanda tena na mitungi kichwani. Lakini watu hao wenye shida ya maji wana utajiri mwingine: jando na unyago, ngoma ya sindimba, mapiko ambayo mvaaji wake hatajwi jina, na uchongaji wa mpingo uliokuzwa na mafundi wa pande zote mbili za Ruvuma. Wengi wetu tulichonga mzizi wa muhogo kabla hatujajua kushika kalamu. George Lilanga, ambaye kazi zake zilionyeshwa Ulaya na Marekani, alizaliwa wilayani Masasi mwaka 1934.

Mjomba wetu alikuwa mchongaji. Kwetu sisi Wamakonde, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mjomba si mgeni wa sikukuu. Ndiye mwenye mtoto. Karo, sanduku la bati na godoro, vyote vilitoka katika tezo lake.

Muhula wa pili, mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa mkoa wa mbali na mwenye moyo mwema, alitaka somo la sanaa za jadi lisiishie ubaoni. Akatuomba tumwite mjomba. Akaja na shati jeupe lililopigwa pasi, mchongo ameufunga katika kanga. Akauweka juu ya meza: viumbe waliopandana, mmoja ana jicho moja tu na sikio lililoning'inia mpaka kifuani. Darasa likanyamaza. Mwalimu akauliza kwa adabu, "Mzee wetu, mchongo huu una maana gani?"

Mjomba alikijua Kiswahili barabara. Hata hivyo alimtazama mwalimu kitambo, kisha akajibu kwa Kimakonde, akitugeukia sisi tumfasirie. Alisema kwamba maana yake huambiwa mtu aliyepita jandoni kwao; na kwamba, ikiwa mwalimu anaitaka kweli, aje Newala, akae, nao wataanzia mwanzo.

Jibu lile halikuwa tusi. Ulikuwa mwaliko. Lakini tulikuwa na umri wa miaka 19, wenzetu wa Kagera, Kilimanjaro na Tanga wametukodolea macho, nasi tulikwisha kuchoka kutaniwa kwa sababu ya chale za wazee wetu. Tukasema: "Anasema hauna maana, ni pambo tu la kuuza." Wanafunzi wakaandika. Mjomba alisikia kila neno. Akaufunga mchongo wake, akaaga, akaenda zake stendi. Hakutugusia jambo lile hata mara moja mpaka alipofariki mwaka 1996. Na karo ya kidato cha sita aliilipa kama kawaida yake.

Wiki chache baadaye tulianza kusoma Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotolewa mwaka 1969. Kuisoma Masasi si sawa na kuisoma kwingineko, kwani Vita vya Majimaji vilifika hapo mwaka 1905 na misheni ikateketezwa kwa moto. Lakini kilichotushika sisi hakikuwa vita. Alitushika yule mtu ambaye neno alilolitoa kwa kinywa chake mwenyewe linamponyoka, linapata nguvu kumshinda yeye, asiweze tena kulirudisha. Mwalimu akataka mfano wa neno la namna hiyo katika maisha ya kawaida. Tulikuwa nao, umelala katika madaftari ya darasa zima. Hatukuinua mkono.

Usiku ule tulitunga shairi letu la kwanza. Lilikuwa baya, vina vyake vikigongana kama mbuzi, lakini lilikuwa la mjomba. Tukiulizwa leo faida ya mchepuo ule, hatutangulizi cheti, ingawa ndicho kilichotupatia kazi. Kwa zaidi ya miaka 30 katika utumishi wa Serikali tumekuwa tukipokea maneno ya wananchi na kuyageuza kuwa lugha ya jalada, na kila mara kalamu imesita kidogo kabla ya kuandika "mlalamikaji anasema". Mkubwa wetu mmoja aliwahi kunung'unika kuwa mihtasari yetu ni mirefu mno. Yamkini alikuwa na haki.

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, zikiwamo za sanaa yenyewe. Tumefurahi sana. Shaka yetu ni moja: mchongaji ataingia darasani akiwa mwalimu, au atawekwa mezani pamoja na mchongo wake? Kwa maoni yetu ni bora darasa ndilo lifunge safari.

Mwalimu yule tulikutana naye miaka mingi baadaye, amekwisha kustaafu. Tukamweleza mjomba alivyosema hasa. Alinyamaza kwa muda mrefu, akavua miwani, kisha akauliza kama mwaliko ule ungali upo. Tulimwambia mwenyewe amefariki, lakini wapwa zake wapo Newala, na wawili kati yao wanachonga.

Akauliza basi huondoka saa ngapi.