Treni Ilikwenda Wapi? Matembezi ya Kipupwe Kutoka Mtwara Hadi Mdomo wa Ruvuma



Katika nchi ya Uingereza, wakati wa baridi kali ambapo jua hutua saa kumi za jioni, ziko familia zisizokubali kukaa ndani kuota moto tu. Hununua tikiti za treni, zikashika njia kutoka London hadi York, na kutoka York hadi Edinburgh, zikatazama makanisa ya kale, masoko na madaraja. Reli ya kwanza ya kuunganisha miji miwili mikubwa ya huko, Liverpool na Manchester, ilifunguliwa mwaka 1830, na pamba ilikuwa miongoni mwa mizigo yake mikubwa. Lakini tangu siku za mwanzo abiria walijaa mabehewani, wakaifanya reli hiyo kuwa yao.

Sisi nasi tunacho kipupwe chetu. Mwezi Juni masika yakishapita na kusi ikiisha kushika, pwani ya kusini mwa Tanzania hupata asubuhi zenye ubaridi mwanana, anga safi na barabara kavu. Kwa mfanyakazi wa mjini mwenye likizo yake na watoto waliofunga shule, hakuna majira mazuri kuliko hayo ya kwenda kuitazama Mtwara.

Nilikwenda huko na mke wangu na watoto wetu wawili. Tulisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, tukavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Wazee wetu wanakumbuka jinsi zamani wasafiri wa kusini walivyolala ukingoni mwa mto huo wakisubiri kivuko, na jinsi mvua zilivyokata njia kwa majuma mengi. Tulipokaribia Mtwara niliwasimulia watoto kwamba wakati mmoja palikuwa na reli huko. Kijana wangu mdogo akauliza, "Basi, baba, treni ilikwenda wapi?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba ilifungwa. Jibu hilo halikumridhisha, na kwa kweli halikuniridhisha hata mimi. Kwa hiyo siku zote tulizokaa huko zikawa siku za kulitafuta jibu lililo bora zaidi.

BANDARI NA KARANGA

Anza matembezi yako, ndugu msomaji, mahali treni ilipoanzia: bandarini. Mtwara ni mji mpya ukiulinganisha na Kilwa au Lindi. Barabara zake ni pana, na mitaa yake imeachana kana kwamba aliyeichora alitazamia watu wengi mno ambao hawakufika. Na ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Serikali yake ikaamua, mwaka 1947, kufyeka mapori ya Tanganyika na kupanda karanga katika sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mitambo ya kulimia. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, mvua zikawa haba, majembe ya mashine yakavunjika. Mwezi Januari 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimepotea.

Lakini karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufikia meli. Ndiyo sababu ilijengwa bandari ya kina kirefu katika ghuba ya Mtwara, pamoja na reli ya kwenda bara. Kipande cha kwanza kilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi. Bandari ya Mtwara yenyewe ilikamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mpango wa karanga kufa. Fikiri, ndugu msomaji: chungu kimekwisha kufinyangwa, na unga hakuna.

Leo bandari inafanya kazi. Imepanuliwa kwa gati jipya, na mzigo wake unaojulikana na kila mtu ni korosho. Simama Shangani jioni, pwani ya mji, uitazame meli ikiingia polepole katika mlango mwembamba wa ghuba, nawe utafahamu kwa nini mahali hapa palichaguliwa.

MIKINDANI

Kilometa kama 10 kutoka hapo iko Mikindani, mama wa Mtwara. Kabla bandari mpya haijajengwa huu ndio uliokuwa mji. Ghuba yake haina kina cha kutosha meli kubwa, lakini majahazi yaliijua kwa karne nyingi. Tembea kwa miguu katika vichochoro vyake: nyumba za mawe zenye milango ya kuchongwa, nyingine zimeanguka na mibuyu imeota kandokando. Juu ya kilima liko Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo limekarabatiwa na kufanywa nyumba ya wageni.

Ni kutoka Mikindani, mwaka 1866, David Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho. Hakuiona tena pwani akiwa hai. Waelezeni watoto wenu pia habari za Chuma na Susi, Waafrika waliokuwa naye katika safari hiyo, ambao baada ya kifo chake mwaka 1873 waliongoza msafara ulioubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Bila miguu ya watu kama hao, wasafiri wengi wanaosifiwa vitabuni wasingalifika popote. Na msisahau kuwaambia kwamba njia hizo hizo za miguu ndizo zilizoleta watumwa pwani.

Hapo njiani nunua ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini vinavyochemshwa na kuuzwa kwa chumvi na pilipili. Wanangu waliitazama kwa mashaka, kisha wakaomba tena.

KUIFUATA NJIA YA RELI

Siku ya tatu tulipanda basi la kwenda bara. Barabara hupita Mikindani, ikafika Mnazi Mmoja ambako njia ya Lindi huachana na ya Masasi, kisha ikapanda bonde kupitia Mtama na Nyangao. Upande wa kusini utaona uwanda wa juu wa Wamakonde umesimama kama ukuta. Ukiwa juu yake, Newala, utaweza kusimama kwenye bonde lile la kutisha liitwalo Shimo la Mungu na kuitazama nchi ikishuka kuelekea Ruvuma.

Katika basi alikaa karibu nasi mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma. Nilipomwamkia akaitika "Marahaba," na kijana wangu, ambaye haogopi mtu, akamwuliza kama aliwahi kuiona treni.

"Mimi nilikuwa mtoto kama wewe, mjukuu wangu," akasema. "Tuliisikia kabla ya kuiona. Baba yangu alikuwa kibarua wa kuponda mawe ya kuweka chini ya reli. Aliijenga, lakini sikumbuki siku aliyoipanda."

Maneno hayo yalinikaa moyoni kuliko tarakimu zote. Reli ile ilikuwa na tuta, madaraja, injini na mabehewa. Mwaka 1958 ilifikishwa hata Masasi. Lakini mzigo ulioifanya ijengwe haukuwapo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Waingereza nao katika miaka hiyo hiyo walifunga maelfu ya maili ya reli zao kwa sababu ya hasara. Tofauti ni kwamba kwao ilibaki nyingine ya kupanda. Kusini mwa Tanzania haikubaki hata moja.

Tulifika Nachingwea mchana. Huko, ndugu msomaji, kuna mahali paitwapo Stesheni. Watu wanazaliwa Stesheni, wanaishi Stesheni, na mgeni akiuliza njia huelekezwa Stesheni, wala hapana treni. Jina limeishi muda mrefu kuliko chuma.

Ila usidhani kwamba mashamba ya karanga hayakuzaa kitu. Katika mashamba hayo yaliyoachwa, FRELIMO walifanya kambi yao kubwa ya mafunzo wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Kutoka huku kusini, mwezi Mei 1975, Samora Machel alivuka Ruvuma na kuanza safari ya kuipita nchi yake yote, na tarehe 25 Juni mwaka huo Msumbiji ikawa huru. Ukirudi Mtwara pita Naliendele, kwenye makaburi ya wanajeshi wetu waliokufa katika kazi hiyo. Waache watoto wasimame kimya hapo kidogo.

Naliendele hiyo hiyo ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulikia korosho. Mkorosho uliletwa Afrika na Wareno kutoka Brazili, na wakulima wa kusini wakaufanya wao bila mpango wa mtu wa London. Wakati wa kipupwe utaiona mikorosho ikichanua, na wakulima wakiipulizia salfa kuikinga na ubwiri unga. Mavuno huja baadaye, kuanzia Oktoba.

MDOMO WA RUVUMA

Siku za mwisho tulizitumia pwani ya kusini kabisa. Njia ya mchanga hukupeleka hadi Msimbati, penye mchanga mweupe na mivinje, na maji yenye rangi ambayo sina neno la kuieleza. Sehemu hii, pamoja na mikoko na matumbawe hadi mdomo wa Ruvuma, imehifadhiwa tangu mwaka 2000 kama Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilometa za mraba 650. Humo wanaishi wavuvi na familia zao.

Kilambo utauona mto wenyewe: mpana, wa rangi ya udongo, wenye mafungu ya mchanga yanayohama. Ng'ambo ni Msumbiji, na Kimakonde kinazungumzwa pande zote mbili. Wajerumani na Wareno waligombania hata pembe ndogo ya Kionga kusini ya mdomo wa mto. Wajerumani waliitwaa mwaka 1894, na Wareno wakairudisha mwaka 1916. Walioishi hapo hawakuulizwa.

Chini ya Ghuba ya Mnazi iko gesi, iliyogunduliwa mwaka 1982. Imewasha taa za Mtwara, na tangu mwaka 2015 bomba huipeleka kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Taa unayosomea ukurasa huu yawezekana inawaka kwa gesi hiyo. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara waliandamana wakiuliza watabakiwa na nini. Palitokea vurugu, na watu walipoteza maisha. Si kazi ya ukurasa huu wa familia kuhukumu kesi hiyo. Ila mtu aliyemsikiliza yule mzee wa ndani ya basi hawezi kushangaa kwamba swali hilo liliulizwa Mtwara kwanza.

JIBU

Usiku wa mwisho kijana wangu aliniuliza tena. Safari hii nilimjibu hivi: "Treni iliufuata mzigo wake, mwanangu. Mzigo ulipokosekana, nayo ikaondoka. Watu hawakuondoka." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wakijenga nyingine waweke viti vya watu."

Inasemwa leo kwamba reli mpya itajengwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, ziwani Nyasa. Ikijengwa, nami nikiwa hai, tutaipanda. Lakini wewe usingoje. Chukua sweta la asubuhi, viatu vya kutembelea na subira ya barabara. Nenda Mtwara kipupwe kijacho, ukawasalimie watu waliobaki.