Akiba Inayooza: Safari ya Mombasa hadi Mokowe

Habari ilitufikia Mombasa tukiwa tumetoka kusali alfajiri. Mama yetu mdogo alikuwa amefariki dunia huko Amu, na maziko yangefanyika baada ya sala ya alasiri. Tulisema Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, tukafunga mabuibui, tukamkalisha mama kiti cha mbele, na kabla jua halijapanda tulikuwa tumeshavuka daraja la Nyali. Tulikuwa watu watano garini: mama, sisi mabinti watatu, na ndugu yetu aliyeshika usukani. Dua ya safari tuliisoma sote kwa sauti. Gari hatukulitazama.

Barabara ya kaskazini ni nzuri kwa macho. Ukishapita Mtwapa yanakuja mashamba ya katani ya Vipingo, mistari iliyonyooka hadi upeo wa macho. Kisha lipo daraja refu la Kilifi, na chini yake maji ya hori yenye rangi ya buluu iliyokoza. Baada ya hapo msitu wa Arabuko-Sokoke huifuata njia kwa mwendo mrefu, na mara Gede, na mara Malindi. Tulipita kote huko bila kusimama. Tulivuka mto Sabaki, tukaona mashamba ya chumvi ya Gongoni yakimeta kwa jua, na saa nne na nusu tulikuwa tunakaribia Garsen, katika nchi ya mto Tana. Mama alikuwa akivuta tasbihi yake kimya kimya. Alituuliza jambo moja tu: je, tutawahi kumwona uso?

Tulimjibu kwamba tutawahi, inshallah. Hesabu yetu ilikuwa sahihi. Barabara ya kutoka Garsen kwenda Mokowe, ambayo zamani ilikuwa ya udongo na magari yakizama wakati wa mvua, sasa ina lami. Tulikuwa na saa nzima ya ziada.

Tulipoiacha Garsen nyuma, kabla ya kufika Witu, tulisikia mlio kama wa ngoma iliyopasuka. Gari likayumba. Ndugu yetu hakukanyaga breki kwa ghafla. Alilishika usukani kwa mikono miwili, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe hadi likasimama kando. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limechanika ubavuni. Tulimhimidi Mola kwa uzima wetu. Tukateremsha mizigo, tukafunua zulia la buti, tukalitoa gurudumu la akiba, ambalo wengi wetu tunaliita spea.

Lilikuwa halina upepo. Ukilibonyeza lilinywea kama boga bovu. Mpira wake ulikuwa na nyufa nyembamba pande zote, na pembeni mwake ziliandikwa tarakimu zilizotujulisha kwamba liliundwa kabla ya mpwa wetu mkubwa kuzaliwa, naye sasa anasoma sekondari. Gari hilo lilinunuliwa likiwa limetumika, nalo spea lilikuja nalo. Hakuna aliyewahi kulitazama. Juu yake tulipakia magunia ya nazi, maboksi ya harusi, na vifurushi vya Idi, mwaka baada ya mwaka.

Katika sehemu ile, kwa sababu za usalama, kumewahi kuwa na nyakati ambapo magari yalisindikizwa na askari, na hakuna msafiri anayependa kukutwa njiani na giza. Tulikaa chini ya mti, wanawake wanne, jua likipanda. Dereva mmoja wa lori, Mungu amjaze kheri, alimchukua ndugu yetu pamoja na gurudumu la akiba akamrudisha Garsen. Lililochanika halikufaa tena. La akiba lilijazwa upepo, likavuja. Ilibidi litafutwe jingine lililotumika, lenye kipimo sawa, na hilo halikupatikana upesi. Aliporejea, nati mbili zilikuwa zimeshika kutu kwa chumvi ya pwani, zikakataa kufunguka hadi spana ilipoongezewa bomba la chuma.

Tulifika Mokowe jua likizama. Mashua ilituvusha, tukaingia Amu baada ya magharibi. Mama yetu mdogo alikuwa ameshazikwa. Sharia yetu inahimiza kuharakisha maziko, na waliobaki walifanya lililo sawa. Mama alikaa katika chumba cha nduguye, akaushika mto aliokuwa akiulalia, na hakumlaumu mtu.

Siku ya tatu, baada ya hitima, tulikwenda na mjomba wetu Matondoni, kijiji cha kisiwa hichohicho kinachojulikana kwa ufundi wa vyombo. Amu ni mji wa punda na vichochoro. Wanaoishi humo hawana haja kubwa ya magari, lakini vyombo vya bahari wanavijua. Pale ufukoni palikuwa na jahazi lililolazwa ubavu. Fundi alikuwa akisindilia pamba iliyolowekwa mafuta katika maungio ya mbao, ubao kwa ubao, kazi ambayo wazee huiita kalafati. Tulimuuliza mjomba kama jahazi lile lilikuwa limetoboka. Akasema halijatoboka. Hufanyiwa hivyo kila baada ya muda, liwe linavuja au halivuji. Kisha akatutazama akasema, “Tundu la chombo hutafutwa kikiwa pwani, wanangu. Kilindini halitafutwi, huko linakutafuta wewe.”

Neno lile lilitukaa moyoni. Sote tunakijua kisa cha yule aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Sisi tulisoma dua, na ngamia tukamwacha bila kamba. Tena Waswahili husema akiba haiozi. Tumejifunza kwamba iko akiba moja inayooza: ile iliyofungiwa gizani chini ya buti. Gurudumu hupoteza upepo kidogo kidogo hata lisipotembea, na mpira wake huzeeka hata usipoguswa.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka Mokowe tulilizunguka gari pamoja na fundi, na mambo aliyotufundisha tunayaandika hapa, hasa kwa dada na mama zetu wanaodhani kazi hii ni ya wanaume peke yao.

Gari lisimame mahali tambarare, injini imezimwa na imepoa. Mtandio ufungwe na mikono ya buibui ikunjwe kabla ya kuinamia injini, kwa kuwa mkanda unaozunguka hauna huruma na nguo. Vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kivute tena: oili iwe kati ya alama mbili. Tazama maji ya rejeta, na usikifungue kifuniko chake kamwe kikiwa cha moto, maana mvuke wake huunguza uso. Tazama kiasi cha maji ya breki, ncha za betri kama zina unga mweupe, na mkanda kama una nyufa. Washa taa zote huku mwenzako amesimama nyuma.

Kisha njoo kwenye magurudumu. Upepo hupimwa asubuhi, magurudumu yakiwa baridi. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko katika fremu ya mlango wa dereva. Kwa magari madogo mengi huwa kati ya paundi 30 na 35. Gurudumu lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, likapata moto, na gari likiwa limejaa watu, huchanika kama letu. Ndani ya mifereji ya mpira mna vituta vidogo: mpira ukiisha hadi kulingana navyo, umebaki na milimita 1.6, na gurudumu hilo limekwisha. Pembeni tafuta tarakimu 4 za mwisho katika alama ya DOT. Ukikuta 2314, ujue liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2014.

Na usifunge buti kabla ya la tano. Lipime upepo kila mwezi pamoja na wenzake, na ulitie paundi chache zaidi, kwa kuwa ni rahisi kupunguza njiani kuliko kuongeza. Kama ni lile jembamba la muda, upepo wake kwa kawaida ni paundi 60, na halipaswi kukimbizwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kama linaning'inia chini ya gari, literemshe mara kwa mara na ulioshe, kwani hewa yetu ya bahari hula chuma. Hakikisha jeki inapanda na spana inaingia kwenye nati. Weka garini pembetatu za kuonya, tochi, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki penye mchanga.

Mwisho, jizoezeni uani kwenu siku moja ya utulivu. Nati hulegezwa gurudumu likiwa bado chini, ndipo gari huinuliwa. Hukazwa kwa kupishana, si kwa kufuatana, na hukazwa tena gari likishateremshwa. Mdogo wetu, ambaye hajafika miaka 20, alibadilisha gurudumu pale Mokowe mbele ya macho yetu. Pale nguvu zake zilipopungua, alisimama juu ya mpini wa spana.

Tulirudi Mombasa salama. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, baada ya alasiri, buti hufunguliwa na zulia hufunuliwa. Mama huletewa kiti akakaa barazani, tasbihi mkononi, na hatuwezi kulifunga mpaka aulize, “Na lile la chini mmelitazama?”

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu wetu, ailaze roho yake mahali pema, na awafikishe wasafiri wote kwa wale wanaowangoja. Amin.