Gitaa Katika Sebule ya Himbi

Zama za udogo wangu hapa Goma, gitaa lilikuwa chombo cha jioni na cha masikio machache. Marhumu baba, aliyekulia Likasi wakati mji ule ungali ukiitwa Jadotville, alikuwa na ada, kila Jumapili baada ya ugali na sambaza, ya kuketi barazani na jirani wawili watatu na kuzitafuta, kwa kidole gumba na cha shahada, zile nyimbo za mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda ambazo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizirekodi katika mji uleule mwaka 1952. Na kwa kuwa Mwenda aliimba kwa Kiswahili, sisi watoto tulinyamaza pasipo kuamriwa, maana aliyekohoa alipitwa na neno.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na ule mto wa moto ulioteremka hadi ziwani ukaliunguza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaifunika na nyumba yetu, na ndani yake gitaa likiwa limetundikwa msumarini nyuma ya mlango.

Mji ukajengwa tena juu ya jiwe jeusi, na muziki nao ukarudi kwa kimo kingine: spika zilizozidi urefu wa mtu, jenereta zikinguruma nyuma ya baa. Sisemi haya kwa kulaumu. Mwaka 2014, Tamasha la Amani lilipofanyika kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Chuo Mwanga, nilishuhudia umati usiohesabika uliokusanywa na furaha, katika mji ambao umati wake aghalabu hukusanywa na vita, na nikamshukuru Mungu; ila nilisimama mbali mno na jukwaa, sikuviona vidole vya mpigaji.

Mwishoni mwa 2019, miezi michache baada ya João Gilberto, mwimbaji na mpiga gitaa wa bossa nova ya Brazili, kufariki huko Rio de Janeiro, kijana mmoja wa mtaa wa Himbi alitualika watu wasiofika ishirini sebuleni kwao, atupigie bossa nova za kale. Alitusimulia jinsi Gilberto, kabla ya kurekodi "Chega de Saudade" mwaka 1958, alivyojifungia katika bafu la dada yake mjini Diamantina, akiitafuta sauti isiyolishinda gitaa. Umeme ukakatika, ikawashwa mishumaa miwili, nasi tukasogeza viti mpaka magoti yakakaribia kugusana.

Hapo nikakiona kidole gumba. Kilitembea juu ya nyuzi nene kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na vidole vingine vikadonoa pamoja, nje kidogo ya hatua zake. Baba hakupiga hivyo hasa, kwani kwake kidole cha shahada ndicho kilichoimba, lakini gumba lilikuwa lilelile, lenye subira ileile. Nikawakumbuka wana wa Kongo na Angola waliovushwa bahari kwa minyororo hadi Brazili, ambao ngoma zao ni miongoni mwa mizizi ya samba, mama wa bossa nova, na machozi yakanilengalenga.

Alipomaliza nilimwomba "Masanga" ya Mwenda. Hakuijua. Nikasogea, nikamwimbia polepole kwa pua, naye akainamisha sikio, akajaribu uzi wa tatu, akakosa, akajaribu wa pili.

"Rudia, papa," akasema. "Hapo mwanzo."