Mikono ya Kunduchi

Mara ya kwanza nilipowatazama kwa makini wanawake wanaoponda kokoto, nilikuwa Berlin, nimevaa makoti mawili, katika ukumbi mdogo ambao viti vyake havikuzidi hamsini. Nilikuwa Ujerumani kwa mafunzo ya miezi tisa, na jioni ile nilitoka chumbani kwa kuukimbia upweke tu. Tangazo la mlangoni lilisema kwamba ingeonyeshwa filamu kutoka Tanzania. Mtu aliye ugenini akiliona jina la nchi yake limeandikwa mahali, hawezi kupita hivi hivi. Hata likiwa limeandikwa kwenye gunia la kahawa, atasimama alisome.

Filamu hiyo yaitwa These Hands, maana yake Mikono Hii. Ilitengenezwa mwaka 1992 na Mtanzania mwenzetu, Flora M'mbugu-Schelling, aliyejifunza kazi yake hapa nyumbani na huko huko Ujerumani. Urefu wake ni dakika 45. Hakuna msimulizi wa kumwambia mtazamaji aone nini na asikitike wapi. Wapo wanawake katika machimbo ya Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, wengi wao wakiwa wakimbizi kutoka Msumbiji, Wamakonde. Wamekaa chini, mkono mmoja umeshika nyundo, mwingine umeshika jiwe, na mawe makubwa yanageuzwa kuwa madogo. Watoto wapo pembeni. Nyimbo zipo. Maneno ni machache mno. Kinachobaki masikioni ni mlio wa nyundo, ko, ko, ko, mpaka mtu anajikuta anapumua kwa kuufuata mlio huo.

Taa zilipowashwa, mama mmoja Mjerumani aliyekaa kando yangu aliniuliza kwa upole ule wimbo walioimba ulikuwa na maana gani. Nikaona haya. Kimakonde changu ni cha kusikiliza. Nilikulia Dar es Salaam, na Tandahimba kwa mama yangu nilikwenda wakati wa likizo tu. Nilimjibu kwamba ni wimbo wa kazi. Pengine nilisema kweli na pengine nilisema uongo. Nilirudi chumbani kwa miguu, katika baridi, na usingizi haukuja.

Nami sikukosa usingizi kwa ajili ya wimbo peke yake. Hebu nieleze.

Mama yangu ana dada yake mkubwa. Nasema anaye, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusema kwamba alikuwa naye. Mwaka 1988 mama mkubwa alimpenda mchongaji wa vinyago aliyevuka mto Ruvuma akikimbia vita. Vita vya kwanza, vya ukombozi, vilivyoanza mwaka 1964, vilikuwa vimekwisha, na Msumbiji ilipata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Hivi vilikuwa vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokuja kumalizwa kwa mkataba uliotiwa saini Roma mwezi wa Oktoba 1992. Kwetu sisi ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mjomba wao alikataa posa ile. Alisema kwamba mtu ambaye ndugu zake hawajulikani walipo, akikosea utamshitaki kwa nani? Naye mchongaji yule alikuwa Mmakonde kama yeye, mwenye lugha ile ile na ngoma zile zile, ila amezaliwa ng'ambo ya pili ya mto. Mpaka uliochorwa na Wareno na Wajerumani ulikuwa umekwisha kuingia hata katika mahari.

Wakaondoka usiku. Ilikuja barua moja tu, mwaka 1989, iliyoandikwa na mtu mwingine, maana mama mkubwa hakujua kuandika. Ilisema kwamba yu mzima, yuko Kunduchi, anaponda kokoto, na mumewe anachonga. Kisha ikauliza korosho za mwaka ule zilikuwaje. Haikuwa na anwani. Mama yangu alipohamia Dar es Salaam mwaka 1994 alikwenda Kunduchi kumtafuta, akaambiwa kwamba wengi wamekwisha kurejea kwao kwa kuwa amani imepatikana. Habari zikaishia hapo. Tangu utoto wangu, msichana yeyote wa ukoo wetu akichelewa kurudi nyumbani, au akicheka sana na kijana asiyejulikana, huambiwa: "Angalia usije ukawa kama mama yako mkubwa."

Sasa msomaji ataelewa hali yangu mle ukumbini. Katika dakika zile 45 nilikuwa nikitafuta uso ambao sijapata kuuona hata katika picha.

Lakini kuna jambo jingine lililonisumbua zaidi. Kunduchi si mbali na nyumbani kwetu. Miaka mingi nimepita barabara ya Bagamoyo ndani ya daladala na kuona kokoto zimelundikwa, na watu wameinama juu yake, nami nikafunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Nyumba tuliyopanga ina nguzo za zege. Kokoto zake zilitoka wapi? Sikuwahi kuuliza. Ilinibidi nisafiri maelfu ya kilomita, nikalipe kiingilio kwa fedha za kigeni, ndipo niwatazame watu walio umbali wa nauli moja ya daladala.

Bi Flora sijapata kuonana naye na sitajifanya kuujua moyo wake. Naweza kusema tu yale ambayo ugenini ulinifundisha mimi mwenyewe. Ugenini humfundisha mtu kutazamwa. Ndani ya treni watu huzitazama nywele zako, mikono yako, namna unavyokula ndizi. Wengine hukutazama kama kitu. Wachache, na hao huwakumbuka miaka yote, hukutazama kama mtu ambaye naye ana mama yake mahali fulani. Aliyepitia hayo akirudi kwao na kamera anayo hiari: atawatazama watu kwa namna ile ya kwanza au kwa namna ile ya pili. Filamu ya Kunduchi ni ya namna ya pili, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haimhurumii mtu kwa sauti. Inakaa naye. Naamini kuwa hiyo ni faida ya safari ambayo haiandikwi katika cheti chochote.

Mimi nami nilikuwa na mtu kule. Sitasema mengi, ni mwenyeji wa kule, fundi wa mitambo ya sauti, mtu mpole anayepika vizuri kuliko mimi. Alikuwa ameniomba tuoane na niishi naye huko. Nilikuwa sijamjibu. Kila nilipotaka kumjibu nilisikia sauti ya mama: angalia usije ukawa kama mama yako mkubwa. Na baada ya jioni ile sauti hiyo ikaongezewa mlio wa nyundo.

Nilirudi nyumbani mafunzo yalipokwisha, na mwezi wa Oktoba nikapanda basi la alfajiri kwenda Tandahimba. Filamu nilikuwa nayo ndani ya kompyuta ya kupakata. Tulipovuka daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, nikawaza kwamba mama mkubwa alivuka mto huo kwa pantoni, bila shaka akiwa ameuficha uso wake ndani ya khanga. Wamakonde tunasemwa kuwa watu wa kukaa juu ya tambarare yetu na kuchonga, kumbe ni wasafiri wakubwa. Wako waliokwenda kukata mkonge na miwa huko Kwale, pwani ya Kenya, tangu enzi za Mwingereza, wakazaa watoto na wajukuu wasiokuwa na hati ya nchi yoyote. Mwaka 2016 watu hao walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia. Wakapewa vitambulisho, na sasa wanahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Na tangu mwaka 2017, vita vilipozuka tena Cabo Delgado, wako waliouvuka Ruvuma kuja upande wetu wakiwa na watoto mgongoni, kama zamani.

Niliingia Tandahimba usiku. Ulikuwa msimu wa korosho, na harufu ya mabibo ilikuwa imejaa hewani, tamu na kali. Bibi alikuwa hajalala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda? Huko Ulaya hawali?"

Jioni ya pili, kazi za shamba zilipokwisha, tulitandika mikeka barazani. Mjomba alikuwapo, na wanawake wa jirani, na watoto wengi kuliko niliowaalika. Nikaiweka kompyuta juu ya kinu kilichogeuzwa. Watoto walicheka walipoona kwamba watu wenyewe wanaponda mawe tu; walikuwa wametarajia ngumi. Baada ya muda wakanyamaza. Wanawake wakaanza kuitikia wimbo, kwa sauti ya chini, bila ya kuambiana, kama watu waliokatizwa wimbo wao jana na leo wanaumalizia.

Nikamwuliza mmoja wao wimbo unasema nini. Akanieleza kwa maneno mengi. Sitayaandika hapa; niliahidi kuyapeleka kwanza kwa yule mama wa Berlin, kama nitampata.

Bibi hakuimba. Alikuwa amesogea mbele mpaka pua yake ikakaribia kioo, maana jicho lake moja limeingia mtoto wa jicho. Nikadhani anazitazama nyuso. Nikasimamisha picha kwenye uso mmoja ili amwone vizuri.

"Usisimamishe," akasema. "Sitazami nyuso. Uso wa miaka yote hiyo nitaujuaje? Mwanangu alikuwa wa mkono wa kushoto. Nilimpiga sana kwa ajili ya mkono huo alipokuwa mdogo, hata wakati wa kutwanga. Hakuuacha."

Basi sote tukaacha kutazama nyuso. Mjomba, ambaye kwa miaka yote ile sikupata kumsikia akilitaja jina la dada yake, alivuta kigoda. Watu wazima wapatao kumi tulitazama nyundo: ya kulia, ya kulia, ya kulia. Filamu ikaisha. Bibi akaomba irudiwe. Ilipofika katikati, aliniuliza bila ya kugeuka:

"Huyo aliyekuwa akiwapiga picha, alikaa au alisimama?"

Nikamjibu kwamba nadhani alikaa.

"Mwanamke?"

"Mwanamke, bibi. Mtanzania. Naye amekaa Ulaya."

"Na akarudi kukaa na hawa." Akatikisa kichwa polepole. Sijui kama alikuwa anamsifu yeye au ananiuliza mimi.

Kompyuta ilizimika kabla ya mwisho wa mara ya pili, chaji ikiwa imekwisha. Watu wakakunja mikeka. Bibi alibaki ameketi gizani, akasema tu, "Hakuna wa kushoto," kwa sauti ya mtu anayehesabu fedha zake na kukuta ni zile zile alizodhani.

Asubuhi nilieleza jambo lililonileta. Nilimweleza mjomba kwanza, kama inavyopasa, bibi akiwa anasikia huku akianika korosho. Mjomba aliuliza maswali aliyopaswa kuuliza: mtu huyo ni wa ukoo gani, wazazi wake wako hai, ana dini gani, atakuja lini kujitambulisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Haikuja. Alinyamaza kitambo kirefu akikwaruza udongo kwa kijiti, kisha akasema, "Mimi nilikuwa mdogo. Nilisikia mlango usiku ule. Sikumwamsha mtu." Bibi hakuinua uso kutoka kwenye korosho zake. Sikujua kama alikuwa akiyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza au ya mia.

Baadaye aliniita ndani. Nilidhani atanikanya au atanibariki. Alikuwa na kipande cha mkaa mkononi.

"Huko unakotaka kwenda, pana jina?"

"Pana jina la mtaa, bibi, na namba ya nyumba. Lakini namba yangu ya simu mjomba anayo."

"Simu hupotea. Mwaka jana imetumbukia chooni." Akanikabidhi mkaa, akaufunga mlango, akanionyesha mbao za upande wa ndani, pale ambapo mtu akilala humuelekea usoni. "Andika hapa. Herufi kubwa. Mimi sisomi, lakini wako watakaosoma."

Nikamwambia kwamba bado sijamjibu yule mtu. Huenda nisiende kabisa.

"Andika," akasema.

Nikaandika jina la mtaa na namba ya nyumba, kisha mji, kisha Ujerumani. Mkaa ulikatika mara mbili. Nilipomaliza bibi alipitisha kidole chake juu ya kila mstari, bila ya kuugusa usije ukafutika, akaniuliza neno la mwisho ni lipi, nikamtajia. Akalirudia mara tatu mpaka likamkaa mdomoni, kisha akaufungua mlango ili mwanga uingie, na tukaenda kugeuza korosho.