Rola za printa na vumbi la Katavi

Wiki mbili sijaandika kitu humu, na wengi mnajua sababu: printa.

Kwa mnaosoma mkiwa mbali, printa yetu si ya mtu mmoja. Siku bumu lilipotoka tulichanga watu watatu wa chumbani, tukanunua ya wino wa tangi, mtumba, ikaja huku Mpimbwe kwa basi. Wawili tuna mkopo. Wa tatu hana, na hela ya kuprintia watu ndiyo anayolia. Kwa hiyo printa ikigoma, mimi nakosa vocha, yeye anakosa ugali.

Basi Septemba, ripoti za fildi zimepamba moto, ikaanza visa. Karatasi zimejaa kwenye trei, yenyewe inasema hakuna karatasi. Ukibonyeza tena rola zinazunguka krrr krrr, karatasi imetulia tu kama haihusiki. Ukibembeleza sana inameza tatu kwa mpigo na kukwama. Fundi mmoja (jina naliacha) akaitazama dakika mbili, akasema rola zimekufa: leteni elfu arobaini na tano, au niuzieni kama spea kwa thelathini. Mwenzetu mmoja akasema tuuze, tugawane kumi kumi. Yule asiye na mkopo hakujibu, alichukua ndoo akaenda bombani, na ndoo nyingine zote zilikuwa zimejaa.

Jumamosi nikaifunga kanga nikapanda nayo basi kwenda Mpanda. Ile barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na Septemba hakuna jani lisilo na vumbi. Mkoa wenyewe ni kijana, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ila vumbi lake ni la kale. Pale Sitalike abiria wote wanachungulia viboko wa mto Katuma, mimi nimeshika printa isilale upande, maana ya tangi ukiilaza wino unamwagika.

Makanyagio kuna dada mwenye steshenari ninayemfahamu tangu nikiwa sekondari.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Umeleta mgonjwa?"

Akafungua kifuniko, akamulika na tochi ya simu, akapitisha kidole kwenye rola. Kidole kikatoka na unga wa kijivu wenye wekundu. "Hii haijafa," akasema. "Haijaogeshwa."

Akanielekeza huku anafanya. Rola ni mpira, kazi yake ni kung'ang'ania karatasi ya juu na kuisukuma ndani. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa kama gramu 5 tu, kwa hiyo si nguvu inayotakiwa, ni mkwaruzo. Chini yake kuna kipande kingine cha mpira kinachozizuia karatasi za chini zisifuate. Sasa karatasi yenyewe ina unga, kwa sababu viwandani huchanganywa na chokaa ili iwe nyeupe na laini. Unga ule ukichanganyika na vumbi letu unaganda, mpira unang'aa kama kipara, na rola inateleza. Kile kipande cha chini kikichafuka ndipo zinaingia tatu tatu.

Alichomoa waya wa umeme kwanza. Kisha akachukua kitambaa laini kisichotoa nyuzi, akakilowesha kwa maji safi na kukikamua mpaka hakidondoshi. Akafuta huku anaizungusha rola kidogo kidogo kwa kidole, maana watu wengi wanafuta upande unaoonekana tu. Pembeni akatumia pamba ya masikio. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi, cha tatu ndiyo kikatoka na rangi yake. Nikamuuliza habari ya spiriti. Akasema maji yanatosha, spiriti ikizoeleka inakausha mpira mpaka unapasuka. Petroli na thina hata usifikirie, na mafuta ya cherehani ndiyo kabisa, unalainisha kitu unachotaka kishike!

Tukaiacha wazi nusu saa ikauke. Kwenye printa nyingine, mfano Canon nyingi, menyu ya matengenezo ina sehemu ya kusafisha rola: inazunguka yenyewe bila karatasi, kisha unaweka karatasi tupu tatu inarudia. Hiyo ni ya uchafu mwepesi. Vumbi la kwetu linataka mkono.

Tulipoijaribu ilivuta karatasi ishirini mfululizo, moja moja. Dada akakataa hela, ila akaniuzia rimu moja, biashara ni biashara. Akaongeza kwamba rola iliyopasuka au iliyolika hadi ikawa bapa haifufuki kwa kitambaa, hiyo ndiyo ya kubadilishwa. Fundi naye si lazima awe alidanganya, ila kidole hakukipitisha.

Jumapili usiku tuliprinti mpaka saa nane. Ripoti kumi na moja, zikasainiwa Jumatatu asubuhi. Aliyetaka tuuze ndiye aliyekuwa anabana kurasa kwa stepla, na sikusema kitu.

Sasa tuna utaratibu. Trei haiachwi na karatasi usiku, printa inafunikwa kanga, na kila baada ya rimu mbili mtu anafuta rola. Ikikwama, zima kwanza, vuta taratibu kwa mikono miwili kuelekea inakotokea, usirudishe nyuma kwa hasira. Mvua zikianza Novemba shida itageuka, karatasi zitanyonya unyevu na kushikana, kwa hiyo rimu ibaki kwenye nailoni na uzipepete kabla ya kuziweka.

Bei yetu ni ileile, mia na hamsini kwa ukurasa. Gonga mlango, ila si kabla ya saa moja, yule bwana analala sasa.