Kiti Kisichokaliwa

"Mama, bumu limeingia, ila limeisha. Nimenunua kiti cha kontroli boksi, na bado napungukiwa laki mbili."

Simu ikawa kimya kidogo. "Mwanangu, kiti gani cha bei hiyo? Cha mkuu wa chuo?"

Ilibidi nimweleze kwamba si cha kukalia. Ni mfuko wa vipuri: bodi tupu yenye matundu, rizista, dayodi, kapasita, transista na chipu moja yenye akili. Unavilehemu mwenyewe mpaka vinakuwa kontroli boksi, ule ubongo unaoziambia nozeli zifunguke lini na kwa muda gani. Yetu ilikuwa MegaSquirt, iliyobuniwa na Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo. Mama hakuelewa hata nusu. Laki mbili za maandazi akatuma.

Hiyo ndiyo project yetu ya mwaka wa mwisho, mimi na jamaa ninayeishi naye chumba kimoja. Karakana ina injini ya Toyota 4E-FE ya lita 1.3 ambayo boksi lake lilishakufa. Fundi wa mtaani alitushauri tununue boksi la mtumba, jioni injini iwe inaunguruma. Alikuwa sahihi. Lakini sisi tulitaka kujua mle ndani kuna nini.

Na kuna kazi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 10 tu. Ndani ya muda huo boksi linasoma mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi, joto la hewa, joto la maji na mkao wa mlango wa hewa, halafu linakadiria petroli ili kila gramu moja ipate takriban gramu 14.7 za hewa.

Mwongozo unasisitiza uende hatua kwa hatua. Unajenga sehemu ya umeme kwanza, unapima volti 5. Unajenga mawasiliano na kompyuta, unapima. Chipu inakuja baadaye, na njia za nozeli mwishoni. Mwenzangu alitaka tufuate hivyo hivyo. Mimi nikaona anatuchelewesha, siku za kuwasilisha zilikuwa zimebaki 12. Usiku mmoja alipoenda kujisomea, nikalehemu bodi nzima mpaka alfajiri.

Asubuhi tukawasha. Taa hazikuwaka, kompyuta haikuona kitu. Nikagusa kirekebisha volti, kikaniunguza kidole.

"Wewe ndiye uliyepanga vipuri," nikamwambia. "Umechanganya." Hakubisha. Alichukua begi lake akaondoka, na siku mbili tukaishi chumba kimoja bila hata salamu.

Siku ya tatu nikachukua mita na kupima peke yangu, kuanzia hatua ya kwanza niliyoiruka. Laini ya volti 5 ilikuwa imegusana na hasi. Nikafuata njia yake mpaka kwenye kapasita moja ya tantalamu, ndogo kama punje ya choroko. Nilikuwa nimeiweka kichwa chini. Kwenye kapasita za alumini, zile ndefu kama vikopo, mstari unaonyesha mguu hasi. Kwenye tantalamu, alama inaonyesha mguu chanya. Mimi nilizisoma zote kwa mazoea ya zile za alumini. Vipuri alivipanga sawasawa kabisa.

Mpya niliipata Kariakoo kwa bei ya chini kuliko nauli ya kwenda na kurudi. Bahati nzuri kile kirekebisha volti kina kinga ya kujizima kikizidiwa, kwa hiyo chipu ilipona. Kung'oa kipuri kilicholehemiwa bila kuichubua bodi kulinichukua saa nzima. Kumwambia mwenzangu ukweli kulichukua dakika moja, na ndiyo iliyonitoa jasho.

"Kosa ni langu," nikasema. "Na ningepima, ningeliona usiku ule ule."

Akaniangalia. "Oya, leta mita," akasema.

Tukarudi mwanzo. Volti 4.98. Kompyuta ikaitambua bodi. Tukaifunga kwenye injini, tukiiachia distributa kazi ya cheche na boksi kazi ya petroli tu. Mara ya kwanza injini ilikohoa ikazima. Tukaongeza petroli ya kuwashia, tukajaribu tena, ikashika, ikatetemeka kidogo, kisha ikatulia.

Nilimpigia mama nikaweka simu karibu na sailensa asikie.

"Hicho ndicho kiti?"

"Ndicho, mama."

"Basi mshukuru mwenzako," akasema. Sikuwa nimemsimulia chochote kuhusu ugomvi wetu.