Taa ya Mlangoni na Sikio la Jirani

Watu wengi wapitao njia ya shuleni usiku wametuuliza habari za ua wetu, jinsi uwakavyo taa wenyewe pasipo mtu kugusa kitu. Wengine husema ni anasa ya walimu. Twaona yafaa kueleza jambo lote, ili atakaye kufanya kama sisi ajue aanzie wapi, na asiyetaka aijue sababu yetu.

Masumbwe yetu si kijiji kilichojificha. Barabara kuu itokayo Kahama kwenda Rusumo yapita papa hapa, na malori hunguruma mchana na usiku. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao huja, hukaa msimu, kisha huondoka. Wengi wao ni watu wema watafutao riziki. Lakini mahali ambapo jirani wa mwaka jana siye jirani wa mwaka huu, mwizi naye hupita kama mgeni mwingine, wala hakuna amtambuaye.

Wazee wetu walilinda nyumba zao kwa mambo matatu: ua wa minyaa, mbwa, na mwano. Minyaa ina utomvu mweupe uwashao macho, kwa hiyo mtu haipenyi bure. Mbwa hunusa na kubweka. Lakini nguvu yenyewe ilikuwa katika mwano: ukipigwa, kila ausikiaye hutoka, na asiyetoka huulizwa asubuhi alikuwa wapi. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, wizi wa ng'ombe na unyang'anyi wa silaha ulizidi sana. Ndipo, katika miaka ya kwanza ya 1980, watu wa Kahama, wilaya iliyokuwa wakati ule pamoja na nchi yetu hii, walipounda ulinzi wa sungusungu, wakajiita kwa jina la wale wadudu weusi waumao, waendao kwa safu. Walikuwa na pinde, mishale na filimbi. Na mwaka 1989 sheria ya nchi ikawatambua. Siku hizi tu katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012, lakini somo lile halikuhama.

Basi tulipoazimu kutia taa na kamera, hatukuanzia dukani. Tulianza kwa kuizunguka nyumba usiku, mmoja wetu akijifanya mwizi, wengine wakitazama. Tukaona mahali patatu penye giza: nyuma ya jiko, penye tangi la maji, na upenu wa kusini karibu na banda la mbuzi. Hapo ndipo tulipojua twahitaji taa ngapi.

Taa hizi zina jicho dogo. Jicho hilo halitambui sura ya mtu, bali huhisi joto la mwili likisogea. Kwa hiyo humhisi vema apitaye mbele yake kwa ubavu kuliko amwendeaye moja kwa moja. Tulizitundika juu kiasi cha mita mbili na nusu, zikitazama kukata njia, mbali na matawi yatikiswayo na upepo. Mbuzi walitusumbua siku mbili tatu, mpaka tulipoinua jicho la taa ya bandani likawapita juu ya migongo yao.

Kila taa ina paneli yake ndogo ya jua na betri yake, maana umeme wa nguzo hukatika, na usiku wa namna hiyo ndio mwizi aupendao. Taa zote zimeungana na chombo kimoja kilichomo ndani ya nyumba, nacho chatumia intaneti ya laini ya simu. Taa ya jikoni ikihisi mtu, zote huwaka pamoja, na simu zetu hupata habari. Mtandao ukipotea, habari haifiki simuni, lakini kila taa huwaka peke yake. Tena taa ya sebuleni tumeipangia saa, ikawaka na kuzima jioni tukiwa safarini, hata mpitaji adhani tumo.

Hapa pana onyo kwa wenye kamera. Chombo kama hiki hutoka kiwandani na neno la siri lijulikanalo na wengi. Mwaka 2016 programu mbovu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vyombo vingi sana vya nyumbani duniani, kwa kujaribu tu maneno hayo ya kiwandani. Na mwezi wa Oktoba mwaka ule vyombo hivyo vilitumiwa kuziangusha tovuti kubwa za Marekani. Kuweka kamera bila kubadili neno la siri ni kujenga ukuta na kuacha ufunguo mlangoni.

Je, nuru yafaa kitu mbele ya mwizi? Yafaa. Mwaka huo huo wa 2016 mji wa New York ulijaribu kutia taa kali katika baadhi ya makazi ya watu wa kipato kidogo, mahali palipochaguliwa kwa kura, na watafiti wakaona makosa makubwa ya usiku nje ya nyumba yamepungua kwa kiasi cha asilimia 36. Lakini nuru ina tabia yake: palipo na taa kali, giza la kando huonekana zito zaidi. Nasi kando yetu anakaa bibi mmoja mjane, peke yake, ng'ambo ya ua wa minyaa.

Wasomaji wa huku kwetu hawahitaji maelezo marefu. Katika nchi za Usukuma na jirani zake, wazee wa kike wamevamiwa usiku na kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi shahidi wa pekee alikuwa wekundu wa macho yao, ambao waweza kuletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Fedha tuliyokuwa nayo ilitosha kamera ya pili ya kwetu, au taa mbili za kwake. Tukajadiliana nyumbani jioni nzima. Mmoja alisema kila mtu alinde chake. Mwingine akauliza, "Na tukisikia anapiga kelele, tutatazama katika kamera?" Basi shauri likaisha.

Tulimwendea, tukamweleza. Alisikiliza, akasema, "Wanangu, taa naitaka, jicho la kunitazama silitaki." Tukamwahidi, na kwake hakuna kamera hata leo. Taa moja ipo mlangoni, nyingine njiani, zikielekea chini zisimchome macho. Tena tukapatana na balozi wa nyumba kumi: taa ya bibi ikiwaka baada ya saa nne usiku, habari ifike katika simu saba za majirani, si yetu tu, na kila aliyeipata apige mwano, kisha atoke.

Usiku mmoja wa masika iliwaka. Simu zikalia, mwano ukapigwa, tukatoka wenye tochi na fimbo. Hakuwa mwizi. Alikuwa mama wa nyumba ya tatu, mtoto mgongoni akiungua kwa homa, amekuja kwa bibi kuomba msaada. Mmoja akatoa pikipiki, mtoto akafikishwa kwa mganga kabla ya mapambazuko. Hakuna aliyenung'unika kwamba ameamshwa bure.

Hivyo, ndugu, mwenye fedha kidogo asivunjike moyo. Na aanze na taa moja ya jua, aitundike penye giza zaidi, kisha aende kwa majirani awaulize: "Taa hii ikiwaka usiku, nani atatoka?" Akipata majina, na ayaandike. Akikosa hata moja, heri aiache kwanza fedha yake, awatafute watu.